Ndugu Yako Asikiaye Sauti

Pengine kijijini kwenu yupo mtu asemaye peke yake njiani. Ukimsalimu, hakujibu. Watoto humcheka, na wakubwa husema, "Ana kiburi huyo," au, "Amepagawa." Kumbe kiburi hana. Anasikia sauti zinazomtukana na kumwamuru, naye hushindana nazo mchana kutwa. Katikati ya ugomvi huo, salamu yako ataisikiaje?

Ugonjwa unaoleta mambo hayo mara nyingi ni ule ambao waganga huuita skizofrenia. Shirika la Afya Duniani liliwahi kukadiria kwamba huwapata watu wapatao 1 katika kila 300. Dawa za hospitali huwasaidia wengi, lakini wako ambao sauti haziwaachi kabisa, hata wakimeza dawa barabara.

Huko Uingereza Bwana Paul Chadwick na wenzake waliwakusanya wagonjwa wa namna hii katika vikundi vidogo, na mwaka 2005 walitangaza habari za kazi yao. Mgonjwa huketi, akaangalia pumzi yake inavyoingia na kutoka. Sauti ikija, haitii wala hagombani nayo. Huitambua tu kuwa ni sauti, imekuja, nayo itapita. Kisha huirudia pumzi yake. Zoezi ni la dakika 10 hivi, na mwalimu husema mara kwa mara, maana kimya kirefu chaweza kumtisha mgonjwa. Baadaye wote huzungumza, na wengi huona kwamba hawako peke yao.

Je, hii ni dini nyingine? Asili yake ni kwa Wabudha, lakini hospitalini hufundishwa kama zoezi la akili tu, wala mgonjwa hadaiwi kubadili imani.

Matokeo yake ni nini? Katika jaribio la watu 108 lililotangazwa mwaka 2016, zoezi hili lilitumika pamoja na mazungumzo. Taabu yao kwa jumla haikupungua kuliko ya wale wasiofundishwa. Lakini huzuni ilipungua, na sauti ziliwasumbua kidogo kuliko kwanza. Si muujiza, ila ni nafuu.

Basi, nasi tufanye nini? Zoezi lenyewe lataka mwalimu aliyefunzwa, tusilibahatishe nyumbani. Dawa nazo zisiachwe. Lakini mgonjwa akipata nafuu na kuinua macho, sharti amwone mtu wa kusema naye, na kazi hiyo ni yetu. Msalimu kwa jina lake. Asipojibu leo, msalimu kesho. Usibishane naye juu ya sauti zake. Mpe kazi ndogo, kama kuchota maji au kupanga mabenchi kanisani. Usimfunge kamba, wala usimfiche chumbani wageni wajapo. Jumuiya ikikutana nyumbani kwenu, naye awekewe kiti.