Betri Haina Kosa: Habari za Regulata ya Pikipiki

Wengi waliokwisha kutoka shuleni hapa wana pikipiki. Wengine huzipanda kwenda kufundisha vilimani, wengine huchukua abiria Gitega au Muyinga. Nyingi ni kuukuu, na ugonjwa mmoja huzipata sana: betri hufa, hununuliwa nyingine, nayo hufa. Mwenyewe hulaumu betri, kumbe betri hupokea kile inachopewa tu.

Umeme wa pikipiki hutoka katika koili zilizo ubavuni mwa injini, penye sumaku izungukayo. Umeme huo huenda na kurudi, wala betri haiwezi kuuweka akiba. Tena nguvu yake huzidi kadiri injini inavyokwenda mbio. Kwa hiyo kuna kidude cha alumini chenye mapezi kama ya samaki, nacho kina kazi mbili. Rektifaya huupitisha umeme upande mmoja tu. Regulata huuzuia usizidi volti 14 na nusu hivi. Katika pikipiki za kale zaidi kazi hizo zilikuwa na vidude viwili mbalimbali, na baadhi yake ni za volti 6. Hizo zisitiwe kifaa cha volti 12.

Sasa, kabla ya kununua cho chote, azima mita. Betri nzima ya volti 12, injini imezimwa, huonyesha kama 12.6. Washa injini, uongeze mafuta kidogo. Ikipanda hata 14 hivi, mambo ni mema. Ikipita 15, regulata imekufa: maji ya betri yatachemka na balbu zitaungua moja baada ya moja. Isipopanda kabisa, usikimbilie dukani bado. Chomoa plagi ya koili, uzipime zenyewe, mita ikiwekwa upande wa umeme wa kwenda na kurudi. Zisipotoa kitu, kidude kipya hakitakufaa. Tazama pia fyuzi, na waya wa ardhi uliofungwa kwenye fremu. Vumbi letu jekundu na mvua hula mahali hapo, na kutu kidogo tu huweza kuidanganya regulata. Kwa fundi mmoja wa Muyinga niliona pikipiki iliyokwisha kubadilishiwa betri mbili; dawa yake ilikuwa kipande cha msasa.

Ikiwa kosa ni la kidude hasa, nunua kinacholingana na aina ya pikipiki, si kinachofanana kwa sura. Hesabu nyaya, ulinganishe na plagi. Katika Honda nyingi ndogo nyekundu huenda kwenye betri na kijani ni ya ardhi, lakini makampuni hayakupatana juu ya rangi. Fungua kwanza ncha ya betri ya kutoa. Sugua chuma mpaka king'ae, ukaze kifaa mahali pale pale pa zamani, penye upepo, maana joto ndilo linalokiua. Wala usiiendeshe injini betri ikiwa imechomolewa. Kwa pikipiki nyingi hilo huua kifaa kipya siku ile ile.

Anayetoka Gitega jioni kwenda Muyinga kwa njia ya Karuzi ana vilima na kona nyingi mbele yake, na taa ikizimika hapo abiria naye yumo hatarini. Basi pima mara ya mwisho, taa ikiwaka. Mita ikisimama kati ya 13.5 na 14.5, rudisha kiti.