Alama Isiyotulia Katikati

Mama mmoja alinijia kibandani saa saba mchana, akafungua kanga na kuniwekea mezani mashine ya gemu, Nintendo Switch. "Fundi, naomba uniambie ukweli," alisema. "Sijalipa bado. Mwenye nayo amenipa mpaka saa kumi nimrudishie mashine au nimtumie hela. Itadumu hii?" Mwanawe alikuwa amefaulu mtihani wa darasa la saba, na ahadi ilikwishatolewa. Muuzaji alitaka shilingi 450,000. Kwa macho mashine ilikuwa nzuri mno: haina mkwaruzo, kava lipo, chaja yake halisi ipo, hata nailoni ya kioo haijabanduliwa.

Swali hilo naulizwa karibu kila wiki, na nimeamua kulijibu hapa kwa urefu kwa sababu wanunuzi wengi hupima kitu kisichohusika. Wao huuliza kama mashine imewahi kuanguka. Mimi nataka kujua imesuguliwa kiasi gani.

Majaribio ya kuangusha yapo, tena mengine ni ya maana. Jeshi la Marekani lina kanuni iitwayo MIL-STD-810, na humo kifaa huangushwa mara 26 kutoka kimo cha sentimita 122. Idadi hiyo ina sababu yake: kisanduku kina nyuso 6, kingo 12 na pembe 8, na kila moja lazima iguse chini. Kiwandani, ukiwa na vifaa kadhaa vya kuharibu, utajifunza mengi. Lakini mtu anayeangusha mashine moja mbele ya kamera, mara mbili tatu, hajakuonyesha zaidi ya bahati ya mashine ile siku ile.

Jaribio la kukwaruza lina faida zaidi kwetu. Friedrich Mohs wa Ujerumani alipanga madini kwa ugumu mwaka 1812, kuanzia ulanga wenye 1 hadi almasi yenye 10. Uso wa Switch ya kwanza, ile iliyotoka Machi 2017, ni plastiki, na plastiki huanza kuchubuka kwenye daraja la 3. Kioo halisi huvumilia mpaka la 6. Sasa kumbuka kwamba chembe za mchanga kwa sehemu kubwa ni kwatzi, nayo ina 7. Mtoto akiitia mashine kwenye begi lililotoka ufukweni, mchanga utashinda plastiki na utashinda kioo pia. Nailoni ya kubandika ya bei ndogo inamaliza tatizo hilo, kwa hiyo nisikae hapo.

Kuna mashine moja ambayo watu hupenda kuitaja wanapozungumzia uimara. Ni Game Boy iliyokuwa kwenye kambi ya askari wa Marekani iliyopigwa bomu wakati wa Vita vya Ghuba. Plastiki yake ya mbele iliungua ikajikunja, lakini ilipopewa umeme iliwaka na kucheza Tetris, na kwa miaka mingi Nintendo waliiweka kwenye duka lao la New York watu waitazame. Wengi waliitazama wakasifu plastiki ya zamani. Mimi naona jambo jingine. Game Boy ya mwaka 1989 haikuwa na kijiti cha kuzungusha. Ilikuwa na kitufe chenye umbo la msalaba, na chini yake mpira mdogo unaobonyea na kurudi, hakuna kinachosugua kitu. Haikuwa na betri ya kuchaji ndani yake pia. Ilitumia betri nne ndogo za kawaida, zikiisha mtoto anakwenda dukani kwa Mangi kununua nyingine. Mhandisi wake, Gunpei Yokoi, alikuwa na msimamo wa kutumia teknolojia iliyokwisha kuzoeleka na kushuka bei. Kwa hiyo vitu viwili vinavyozeesha mashine za leo kuliko vyote havikuwemo kabisa, na hilo ndilo lililonirudisha kwenye Switch ya yule mama.

Nilianza na vijiti, vile ambavyo vijana huviita analogi. Kwenye mipangilio kuna sehemu ya kuvisawazisha. Ukiingia, kioo kinaonyesha duara, na ndani yake alama ndogo inayofuata kijiti popote unapokisukuma. Ukikiachia, alama inapaswa kurudi katikati na kutulia. Cha kulia kilitulia. Cha kushoto nacho kilitulia. Mama akavuta pumzi ya faraja, nikamwomba asubiri, maana wauzaji wengi huishia hapo na kweli hawajadanganya. Nilishika kijiti cha kushoto, nikakisukuma juu hadi mwisho na kukiachia ghafla, mara ishirini, huku nahesabu kwa sauti ili naye ahesabu. Mara kumi na sita alama ilirudi katikati. Mara nne ilibaki juu kidogo, ikatetemeka, kisha ikajikokota kurudi. Kwenye gemu mtoto angeona mchezaji wake anatembea peke yake. Vijana husema "analogi inavuta." Cha kushoto hutangulia kwa sababu ndicho cha kutembelea.

Nina kopo la vijiti vilivyokufa, nikatoa kimoja nikakifungua mbele yake. Ndani mna bamba dogo lililopakwa kaboni nyeusi, na vijino vya chuma vinavyotambaa juu yake kila unapogusa kijiti. Mahali kijino kilipo ndipo umeme unapopata ukinzani fulani, na mashine husoma ukinzani huo kama mwelekeo. Kwenye kile cha kopo, njia ya vijino ilikuwa imeng'aa kama kizingiti cha mlango wa zamani, na pembeni umejaa unga mweusi. Unga huo ni kaboni iliyosagika. Vijino vikipita kwenye njia iliyolika, mashine inasoma uongo. Hakuna aliyeiangusha wala kuitesa, imechezewa tu, kazi iliyoundwa kufanya. Wapo mafundi wanaopuliza dawa ya kusafishia ndani ya kijiti na kumrudishia mteja siku hiyo hiyo. Mimi nimeacha. Dawa inaondoa unga lakini hairudishi kaboni, na baada ya wiki chache mteja yuko mlangoni tena.

Nintendo wanalijua hili. Rais wao, Shuntaro Furukawa, aliomba radhi Juni 2020 kwa usumbufu uliowapata wateja kwa sababu ya vijiti vya Joy-Con, zile pedi za pembeni za Switch. Januari 2021 shirikisho la vyama vya watumiaji wa Ulaya, BEUC, lilipeleka malalamiko kwa Tume ya Ulaya, na mwaka 2023 kampuni ikakubali kutengeneza vijiti hivyo bure kwa wateja wa nchi za Ulaya hata dhamana ikiwa imekwisha. Nafurahi kwa ajili yao. Lakini mashine ikishapanda meli kuja kuuzwa kama mtumba, ahadi ile haipandi nayo, na anayelipia kaboni ya mtu mwingine ni mama kama huyu. Linaniuma, kwa sababu suluhisho lipo na ni la zamani. Mwaka 1879 Edwin Hall aligundua kwamba sumaku huathiri umeme unaopita kwenye bamba la chuma. Kijiti kinachotumia kanuni hiyo kina sumaku inayosogea juu ya kihisi bila kukigusa, basi hakuna cha kusagika. Sega walikitumia kwenye pedi ya mashine yao ya Dreamcast mwishoni mwa miaka ya 1990. Switch 2 iliyotoka Juni 2025 kwa dola 450 kule Marekani bado ina vijiti vya kusugua. Vijiti vya sumaku vya kubadilishia vinapatikana sokoni kutoka viwanda vingine, na ndivyo ninavyowawekea wateja. Springi yake nayo itachoka siku moja, lakini nimeona springi zikidumu kuliko kaboni.

Kuhusu betri, muuzaji alikuwa amesema hii ni "toleo la betri ndefu." Toleo hilo lipo kweli, lilitoka mwaka 2019, nalo halitofautiani na la kwanza kwa umbo wala rangi. Ukigeuza mashine utazame namba yake, ya zamani huanza na herufi XAW na ile ya betri ndefu huanza na XKW. Nilimpa mama miwani yangu ya kukuzia asome mwenyewe. Akasoma polepole: "X... A... W." Tukatazamana. Betri yenyewe ni ileile, ya mAh 4,310. Kilichobadilika ni moyo wa mashine, unaotumia umeme kidogo zaidi. Nintendo wenyewe walitaja kwamba gemu ya The Legend of Zelda: Breath of the Wild huchukua saa 3 hivi kwenye toleo la kwanza na saa 5 na nusu kwenye la pili.

Switch haina ukurasa wa kukuambia afya ya betri, kwa hiyo inabidi kuipima kwa saa ya ukutani. Ilikuwa imejaa. Nikaweka mwanga wa kioo katikati, nikazima mtandao, nikamkabidhi kijana wangu wa kazi gemu nzito, na saa moja baadaye ilikuwa imekula asilimia 42. Kwa mwendo huo ingezima baada ya saa 2 na dakika 20 na ushee. Ukilinganisha na saa 3 za ilipokuwa mpya, imebaki na karibu asilimia 80 ya nguvu yake. Ni makadirio, lakini yanalingana na umri: betri za lithiamu za namna hii hufika hapo baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 800 hivi. Joto huzizeesha haraka, na mtu anayechaji mashine ikiwa ndani ya kava nene, juu ya godoro, katika Februari ya Dar es Salaam, anaipunguzia maisha bila kujua. Kuiacha tupu kabatini kwa mwaka mzima ni kubaya zaidi. Ukisafiri, iache na chaji ya nusu, na uichaji walau kila baada ya miezi sita.

Sistimu chaji niliipima kwa mita ndogo inayokaa kati ya waya na mashine. Switch nzima, ikichomekwa kwenye chaja yake, hujadiliana nayo na kupandishiwa umeme kutoka volti 5 hadi volti 15. Ikibaki kwenye 5 wakati chaja ni halisi, mara nyingi tundu limelegea au chipu inayosimamia umeme imeungua, na hiyo si kazi ya bisibisi tu. Hii ilipanda hadi 15 bila kusita. Nikachungulia tunduni kwa lenzi, meno yake hayakuwa na ukungu wa kijani. Hewa yetu ya pwani ina chumvi, nami nimeona matundu yaliyoliwa nayo kwenye mashine ambazo hazijawahi kulowa hata mara moja. Mwisho tukaiunganisha na duka la Nintendo la mtandaoni, kwani mashine iliyofungiwa na kampuni kwa sababu ya gemu za wizi hucheza vizuri kabisa mpaka utakapotaka kuingia mtandaoni.

Tukarudi kwenye hela. Mama aliniambia mtoto ataruhusiwa saa moja siku za shule na saa tatu Jumamosi na Jumapili. Hizo ni saa 11 kwa wiki, au 550 kwa mwaka wa wiki 50, na 1,650 kwa miaka mitatu. Shilingi 450,000 ukizigawa kwa saa hizo ni 273 kwa saa. Kwa bei zangu, vijiti viwili vya sumaku na betri mpya ni 130,000, kwa hiyo hesabu inakuwa 352. Kibanda cha gemu cha mtaani kwetu huchukua 500 kwa mechi moja tu ya mpira. Kwa upande huo mashine ni nafuu, hata ikiwa mbovu kidogo. Kinachowashtua wazazi baadaye ni gemu zenyewe. Gemu kubwa ya Switch ikiwa mpya iliuzwa dola 60, yaani sehemu moja ya tano ya bei ya mashine yenyewe ilipotoka. Nilimshauri anunue zile za kadi, zilizotumika, maana kadi utaiuza tena au kubadilishana na jirani, ilhali gemu iliyopakuliwa haiuziki. (Usishangae mtoto mdogo akiitia kadi mdomoni na kulia. Zimepakwa makusudi kitu kichungu ili zisimezwe.)

Saa tisa na nusu tulimpigia muuzaji simu. Sikumwita mwongo, nilimsomea tu: namba inaanza na XAW, kijiti cha kushoto kinavuta mara nne katika ishirini, betri asilimia 80. Mama akaomba apunguziwe 130,000. Jamaa akakataa, akasema mashine yake haina hata mkwaruzo, na hapo alikuwa mkweli. Ikarudi kwake.

Wiki iliyofuata mama alikuja na nyingine, ya shilingi 380,000. Sura yake ilikuwa ya kusikitisha: kona moja imepasuka, mgongo umechorwa kwa kalamu ya wino, na mlango mdogo wa kadi ya gemu haupo. Nikaigeuza. XKW. Nikasukuma kijiti cha kushoto mara ishirini, halafu mama akachukua mashine mikononi mwangu akasukuma ishirini nyingine yeye mwenyewe, midomo ikihesabu. Alama ilirudi katikati kila mara. Baada ya saa moja ya gemu betri ilikuwa imepungua asilimia 20. Akalipa palepale, na mimi nikambandikia nailoni ya kioo na kumtafutia mlango mwingine wa kadi kutoka kwenye mashine iliyokufa.