Kupe Gani Yumo Sikioni mwa Ng'ombe Wako?

Asubuhi moja mkulima wa skimu alifika ofisini kwetu, akaweka kisanduku cha kiberiti juu ya meza yangu. Ndani mlikuwa na kupe 12, wanene, wa rangi ya buluu. "Karani," akasema, "hawa ndio waliomwua ng'ombe wangu."

Bwana Mifugo akawatazama, akatikisa kichwa. Ng'ombe yule alikufa kwa homa ya Isti Kosti, na kupe wa buluu hawaleti homa hiyo. Kesho yake tukaenda kwa yule mkulima, tukafunua masikio ya ndama aliyesalia. Kupe wadogo wa hudhurungi walikuwa wamejazana humo. Mwenye ng'ombe alikuwa akiwang'oa wale wanene wa ubavuni kila siku, wala hakutazama sikioni hata mara moja.

Ndugu mkulima, usidanganyike na tumbo la kupe. Kupe ni wa jamaa ya buibui, na mkubwa wake ana miguu 8. Jike akishiba damu huvimba sana na rangi yake hugeuka, hata kupe wa aina mbili hufanana. Basi tazama mahali pasipovimba: ngao ya mgongoni, mdomo na miguu. Ngao ya dume hufunika mgongo wote. Ya jike hufunika sehemu ya mbele tu. Ukiwa na kioo cha kukuzia, ni vyema zaidi.

1. Kupe wa sikio. Ni wa hudhurungi, hata miguu yake. Akiwa mkubwa hupenda kukaa ndani ya sikio. Huyu ndiye aletaye Isti Kosti.

2. Kupe wa miguu myekundu. Ngao yake ni nyeusi-nyeusi, macho ni ya mviringo yaliyotokeza, na miguu ina rangi ya chungwa. Wakubwa hukaa chini ya mkia, lakini watoto wake hujificha ndani kabisa ya sikio.

3. Kupe wa buluu. Mdomo wake ni mfupi sana, na miguu ni myembamba yenye rangi iliyofifia. Hukaa shingoni, ubavuni na tumboni. Huleta ugonjwa wa mkojo mwekundu na ndigana baridi.

4. Kupe wa punda milia. Dume ana michoro myeupe kama pembe ya ndovu mgongoni. Hupatikana zaidi katika nchi kavu.

Kwa nini tusumbuke kuwatenga? Kwa sababu maisha yao si mamoja. Kupe wa buluu hupanda ng'ombe mmoja akiwa mtoto, akakaa hapo kama wiki 3 hata ashibe. Kupe wa sikio hupanda wanyama 3 maishani mwake. Akinyonya mgonjwa, huanguka, hubadili ngozi, kisha hupanda mnyama mwingine na kumpa ugonjwa. Lakini kwa kawaida hawezi kuambukiza mpaka awe amenyonya kwa siku kadhaa. Siku hizo ndizo nafasi yako.

Kwa hiyo ogesha au nyunyizia ng'ombe kila wiki, au kama Bwana Mifugo atakavyokuagiza. Hakikisha dawa imefika ndani ya masikio na chini ya mkia. Isipofika, umetupa fedha. Ukiona matezi yaliyo chini ya sikio au mbele ya bega yamevimba, na ng'ombe ana homa, usingoje kesho. Dawa ya kutibu hufaa sana ikiwahi. Uliza pia habari za chanjo ya Isti Kosti, iliyotokana na kazi ya wataalamu wa Muguga. Lakini chanjo hiyo haizuii magonjwa mengine ya kupe, kwa hiyo usiache kuogesha.

Kesho, kabla ya kukamua, funua masikio ya kila ng'ombe. Ukipata kupe, tia wachache katika kiberiti, na uandike walitoka wapi: sikioni, mkiani au ubavuni. Uwalete ofisini wakati ng'ombe wako angali mzima.