Ulimwengu wa Ajabu na Msukumo wa Mhusika: Kutoka Chemosit hadi Adili

Mjadala kuhusu fantasia hurejea mara kwa mara kwenye swali moja: msomaji husadikishwa na ulimwengu uliojengwa kwa makini, au na mhusika ambaye sababu za matendo yake zinaeleweka? Jibu mojawapo limo katika masimulizi ya Wakipsigis, wenyeji wa Mogogosiek na vilima vingine vya majani chai vya Bomet na Kericho. Zimwi lao, Chemosit, lilielezwa na A. C. Hollis katika kitabu chake cha 1909 kuhusu Wanandi, ndugu wa Wakipsigis: nusu mtu, nusu ndege, mguu mmoja, kinywa chekundu king'aacho usiku kama taa. Hayo ni maumbile tu. Zimwi hilo huimba gizani. Watoto huusikia wimbo, hudhani kuna ngoma, huufuata, nao huliwa. Msikilizaji haulizi mguu mmoja unawezaje kumkamata mtu. Tamaa ya ngoma anaijua, nayo ndiyo inayolipa zimwi uhai.

Katika Adili na Nduguze (1952), Shaaban Robert aliibua majini, mji wa watu waliogeuka mawe, na ndugu wawili waliogeuzwa manyani. Ulimwengu huo haukuelezwa kwa kina. Sehemu yake kubwa inakumbusha Alfu Lela Ulela. Hata hivyo, sheria moja inatosha: Adili ameamriwa na jini Huria awapige manyani hao kila usiku, la sivyo ataadhibiwa yeye. Anawapiga huku akiwahurumia. Hapo ulimwengu na msukumo havitenganishiki tena, kwa kuwa sheria ya kijini inaugusa upendo wa mtu kwa nduguze. Lau angewachukia, adhabu hiyo ingekuwa kioja tu.

Nduguze hawakubahatika hivyo. Hasidi na Mwivu wanatenda kama walivyoitwa. Wivu wao haukui, upo tangu mwanzo. Wanaomtetea mwandishi kwa hoja ya istiara wana haki yao, ila istiara haimzuii msomaji kuuliza kwa nini watu waliotendewa wema mwingi hivyo wamtose ndugu yao baharini.

Karama wa Kusadikika (1951) naye ana jina la kimafumbo, lakini anasadikika. Nchi yake inaning'inia angani, na msomaji haelezwi inashikiliwa na nini. Halalamiki, maana Karama yumo barazani akiitetea roho yake kwa kosa la kutaka elimu ya sheria ifundishwe.