Ndege na Hali ya Hewa Inayobadilika (Sehemu ya Tatu): Heroe wa Maziwa ya Magadi

Katika sehemu iliyopita tuliwaona ndege wa misitu ya milimani wakisogea juu kadiri joto linavyoongezeka, hadi mlima unapowaishia. Msomaji makini atauliza: je, ndege wenye mabawa ya nguvu, wawezao kuvuka mikoa kwa usiku mmoja, nao wana cha kuogopa? Wanacho. Mfano ulio wazi kuliko yote tunao hapa kwetu, katika Bonde la Ufa. Ni heroe mdogo, ambaye wengi tumezoea kumwita flamingo. Duniani kote ndege hawa wanakadiriwa kuwa kati ya milioni mbili na tatu hivi, na walio wengi, pengine robo tatu, ni wa Afrika Mashariki.

Ili kuelewa shida yake, tuanze na maji. Ziwa la magadi halina mto unaotoka. Maji huingia kwa mvua, mito na chemchemi, kisha huondoka kwa njia moja tu, ya kugeuka mvuke. Chumvi na magadi hubaki na kujikusanya mwaka baada ya mwaka, mpaka maji yanateleza mkononi kama sabuni. Samaki wengi hawawezi kuishi humo, wala mimea ya kawaida ya majini. Lakini spirulina, aina ya bakteria asiyeonekana kwa jicho tupu na anayejitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama mmea, hustawi mno katika hali hiyo. Kwa kuwa wa kushindana naye ni wachache, huzaliana hadi ziwa lote likawa kijani kizito.

Hicho ndicho chakula cha heroe mdogo. Huinamisha kichwa, akaweka mdomo juu chini majini, ulimi ukivuta na kusukuma maji mara nyingi kwa sekunde moja, na vichujio vyembamba vya ndani ya mdomo vikabakiza spirulina. Mtafiti Ekkehard Vareschi, aliyelichunguza Ziwa Nakuru miaka ya 1970, alikadiria kuwa ndege mmoja hula kama gramu 70 za chakula hicho kwa siku, kikipimwa kikiwa kikavu. Ndege milioni moja, basi, huondoa takribani tani 70 kila siku. Hata ile rangi ya waridi inayowavuta watalii hutokana na chakula hicho. Binamu yake, heroe mkubwa, huokota pia wadudu na viumbe wengine wadogo wa kwenye tope, kwa hiyo ana namna nyingi za kujikimu. Heroe mdogo amejifunga kwenye mlo mmoja.

Maziwa haya hayajawahi kutulia. Mwaka wa kiangazi kikali, ziwa dogo kama Elementaita linaweza kukauka hadi kubaki uwanda mweupe. Mwaka wa mvua nyingi, magadi huzimuliwa, spirulina hupungua, na mwani wa aina nyingine usiomfaa heroe huchukua nafasi yake. Ndege huyu alikwishaizoea tabia hiyo zamani sana. Nakuru ikiharibika huenda Bogoria, Bogoria ikichoka hushuka Manyara au hupanda kaskazini hadi Logipi, na safari zake huzifanya usiku. Ndiyo maana mtu aliyefika Nakuru akakuta ndege laki kadhaa anaweza kurudi miezi michache baadaye akakuta ufuko mtupu. Sidhani ni haki kuliita jambo hilo janga kila linapotokea. Kwa karne nyingi kuhama ndiko kulikomweka hai.

Tofauti ya sasa ni kwamba maziwa mengi yanabadilika kwa pamoja, na yanaelekea upande mmoja. Tangu mwaka 2010 hivi, maji ya maziwa ya Bonde la Ufa nchini Kenya yamekuwa yakipanda bila kurudi yalikokuwa. Baringo, Bogoria, Nakuru na mengineyo yamemeza mashamba, shule, zahanati na barabara, na maelfu ya familia zimehama makwao. Lango kuu la zamani la Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru lilifunikwa na maji. Mvua zimeongezeka, na nyanda za juu zilizopoteza misitu haziwezi tena kuyashika maji na kuyaachia kidogo kidogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024, uliotumia picha za setilaiti za zaidi ya miaka 20 kwa maziwa 22, ulionyesha kuwa kadiri maji yalivyoongezeka ndivyo ukijani wa chakula cha heroe ulivyopungua. Eneo la maji la Nakuru lilikaribia kuwa maradufu kati ya mwaka 2009 na 2022, na kiasi cha chakula hicho kikashuka kwa nusu. Siku hizi watu wanavua sato katika ziwa ambalo zamani lilikuwa kali mno kwa samaki huyo.

Kwa mvuvi hiyo ni neema, na sitamlaumu. Kwa heroe, ziwa limekuwa kubwa na maskini kwa wakati mmoja. Utafiti huo unadokeza kwamba ndege watazidi kusukumwa kwenye maziwa yaliyo nje ya hifadhi, ambako hakuna anayewajibika kuwalinda, na ambako nyaya za umeme na maji machafu ya miji havina msimamizi anayewafikiria ndege.

Hata hivyo, chakula ni nusu tu ya habari. Maziwa ya kulia ni mengi, lakini pa kuzalia kwa uhakika, katika Afrika Mashariki nzima, ni mahali pamoja tu: Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania, chini ya mlima Ol Doinyo Lengai. Wataalamu wenyewe walichelewa kulijua hilo. Mwaka 1954 Leslie Brown, ofisa wa kilimo nchini Kenya aliyependa sana ndege, alithibitisha kuwa heroe huzalia katikati ya ziwa lile. Alipojaribu kuwafikia kwa miguu kupitia tope la magadi, aliungua vibaya miguuni akaishia hospitalini. Ukali uliomuumiza ndio ulinzi wa ndege. Fisi na mbweha hawathubutu kuvuka, nao heroe hujenga vichuguu vya tope, kila kimoja kikiwa na yai moja juu yake, wakiatamia kwa takribani wiki nne katika joto ambalo lingemchosha kiumbe mwingine yeyote.

Mahali hapo panahitaji kipimo sahihi sana. Maji yakipanda kidogo, vichuguu huzama na mayai hupotea. Yakipungua mno, tope hukauka likawa njia, na wanyama wakali hufika. Natron ni ziwa pana lenye kina kifupi, kwa hiyo mvua ya ziada inayoongeza kimo kwa kiasi kidogo tu huenea juu ya eneo kubwa. Hata hali ikiwa ya kawaida, si kila mwaka heroe hufanikiwa kuzaa. Kinachowaokoa ni kuishi miaka mingi, hivyo msimu mmoja mbaya huvumilika. Misimu kumi mibaya mfululizo ni jambo jingine kabisa, na hatari yake ni kwamba haionekani upesi: ndege wazima wataendelea kuonekana kwa maelfu, watalii wataendelea kupiga picha, huku vifaranga wa kuwarithi hawapo.

Historia imeshatuonyesha mfano. Mvua kubwa za 1961 na 1962, zilezile zilizopandisha Ziwa Victoria kwa zaidi ya mita mbili, zilifurika Natron. Heroe wakahamia Ziwa Magadi, upande wa Kenya, wakazaa huko. Lakini magadi yaliganda miguuni mwa vifaranga yakawa pingu nzito, wasiweze kutembea. Watu walijitolea kuwavunjia pingu hizo mmoja mmoja na kuwaswaga wengine kuelekea maji salama, na maelfu wakapona. Ilikuwa kazi ya huruma inayostahili heshima, ila haiwezi kuwa mpango wa karne.

Mpango lazima uanzie juu, msituni. Mito ya Njoro, Makalia na Nderit, inayoingia Nakuru, inatoka katika misitu ya Mau. Ewaso Ng'iro Kusini, mto mkuu wa Natron, nao unatoka Mau, kisha unavuka mpaka kuingia Tanzania. Msitu mmoja, basi, unagusa meza ya heroe na kitanda chake cha uzazi. Katikati ya miaka ya 2000 kulikuwa na pendekezo la kujenga kiwanda cha magadi kando ya Natron, likapingwa kwa nguvu ndani na nje ya nchi, na likawekwa kando. Nilifurahi wakati huo na sijabadili mawazo. Lakini ukilinda ufuko peke yake ilhali mto unabadilishwa kilomita nyingi kaskazini, kwa mabwawa, kilimo cha umwagiliaji au ukataji miti, utakuwa umelinda ramani tu.

Kenya iliingia katika Mkataba wa Ramsar wa ardhioevu mwaka 1990, Tanzania mwaka 2000, na bonde la Natron likaorodheshwa mwaka 2001. Kifungu cha tano cha mkataba huo kinazitaka nchi zinazotumia maji ya mfumo mmoja zishauriane. Kwa maoni yangu jambo la kwanza la kushauriana ni vipimo: ni maji kiasi gani yanavuka mpaka kila mwezi katika Ewaso Ng'iro, kimo cha Natron kilikuwa wapi heroe walipoanza kujenga, na ni vifaranga wangapi waliofikia kuruka. Takwimu hizo zikikusanywa na nchi zote mbili na kuwekwa wazi, mkulima wa Narok, mfugaji wa Engaresero kando ya Natron na ofisa wa hifadhi wataweza kubishana juu ya jambo moja lililo mezani.

Sehemu ya nne itawahusu korongo weupe na wageni wengine wanaotujia kutoka Ulaya kila mwaka, ambao tarehe za safari zao zimeanza kuachana na tarehe za chakula chao.