Madoa ya Tumbaku katika Meno na Vijazio vya Resini

Mvutaji wa sigara anapojitazama kwenye kioo huona rangi moja ya kahawia mdomoni. Kwa hakika, rangi hiyo imekaa juu ya vitu viwili tofauti: jino lenyewe, na kijazio, yaani kitu kilichozibia tundu la jino. Makala haya yanafafanua jinsi moshi unavyotia doa kila kimoja, na kwa nini matibabu yake hayalingani.

Moshi wa tumbaku hubeba lami, ambayo ni nyeusi kwa asili, pamoja na nikotini, ambayo haina rangi mpaka ikutane na oksijeni ndipo igeuke manjano. Kila jino linaposafishwa, protini za mate hulifunika upya kwa utando mwembamba baada ya dakika chache. Utando huo ndio unaonasa lami. Ukoga ukijijenga juu yake na kugeuka mgumu kama jiwe, doa nalo hushikamana zaidi. Hata hivyo, kwa sehemu kubwa doa hilo liko juu ya enameli, na daktari wa meno anaweza kulikwangua na kulisugua.

Vijazio vina tabia nyingine. Amalgamu, mchanganyiko wa zebaki, fedha, bati na shaba, ni ya kijivu tangu mwanzo. Lakini Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 unazitaka nchi wanachama kupunguza matumizi yake, na mbadala mmojawapo mkuu ni resini yenye rangi ya jino iliyochanganywa na chembe za kioo. Resini hufyonza maji kidogo kidogo, na rangi huingia pamoja nayo. Uso wa kijazio ukikwaruzika, lami hupata mahali pa kujificha. Mpakani mwa jino na kijazio huweza kutokea mstari wa kahawia unaofanana na uozo mpya. Doa la juujuu huondoka kwa kung'arishwa. Lililozama hulazimu kijazio kibadilishwe.

Peroksidi ya haidrojeni hung'arisha jino, lakini haibadilishi rangi asilia ya resini. Anayeng'arisha meno kwanza bila kujua hili hubaki na meno meupe yenye viraka. Kwa sababu hiyo, vijazio vya mbele hubadilishwa baada ya kung'arisha, tena baada ya kungoja takriban wiki 2, kwa kuwa oksijeni iliyobaki katika enameli hudhoofisha mshikamano wa resini.

Lililo zito zaidi halionekani kwenye kioo. Uvutaji huifanya mishipa midogo ya damu ya ufizi isinyae, hivyo ufizi wenye maradhi huenda usitoe damu inayomshtua mgonjwa. Mtu anayekwenda kliniki akilalamikia rangi tu anapaswa kupimwa ufizi kabla ya kung'arishwa meno, kwani jino jeupe lililolegea halina muda mrefu mdomoni.