MEZA YA KUNASIA SAUTI YA TAWI: TUNUNUE NINI KWANZA?



Siku hizi matawi mengi ya vyama vya wafanyakazi, hapa Uganda na kwa majirani zetu, yana kijana mmoja au wawili ambao baada ya zamu hutengeneza vipindi vifupi vya sauti na video kwa kutumia simu. Mijini vijana wa namna hii huitwa watengeneza maudhui, na wengine wanaishi kwa kazi hiyo. Kwetu sisi wa mashamba ya chai na miwa, na sisi wa viwandani, kazi yao ni kufikisha habari: mkutano umeamua nini, mkataba wa pamoja unasema nini, aliyeumia kazini adai fidia yake kwa njia gani. Zamani tulitegemea tangazo la karatasi ubaoni, ambalo mvua au mkono wa msimamizi uliweza kuliondoa kabla zamu ya mchana haijalisoma. Leo mchumaji wa chai anayekaa mbali na ofisi ya tawi anaweza kusikia habari hiyo jioni ile ile, akiwa anapika.

Kwa ajili hiyo kamati za matawi zinaombwa fedha za vifaa vya meza. Kijana analeta orodha yake: taa ya duara inayobadili rangi, kiti cha magurudumu, spika zinazomulika, zulia la kuwekea kompyuta. Wazee wa kamati wanaguna. Mwisho wake ama orodha yote inakataliwa, ama kinanunuliwa kile kinachong'aa kuliko vingine. Njia zote mbili ni hasara kwa chama.

Lazima tukumbuke fedha hizi zimetoka wapi. Ni michango iliyokatwa katika mishahara ya watu wanaolipwa kwa kilo za majani waliyochuma, au kwa mistari ya miwa waliyokata. Kwa hiyo kila kifaa kiulizwe swali moja kabla ya kununuliwa: Je, kitamfanya mwanachama asikie vizuri zaidi, au kitamlinda yule anayesema na yule anayefanya kazi mezani? Kama hakifanyi lolote kati ya hayo, kibaki dukani.

KWANZA NI SAUTI

Msikilizaji atavumilia picha yenye giza kidogo, lakini sauti asiyoielewa ataizima. Tena sauti ni nyepesi kuituma. Kipindi cha sauti tupu cha dakika 10, kikihifadhiwa kwa kiwango cha kawaida cha kilobiti 128 kwa sekunde, ni kama megabaiti 10. Video safi ya dakika hizo hizo inaweza kupita megabaiti 1,000. Anayelipia bando ni mwanachama mwenyewe, na juu ya bando kuna kodi. Mwaka 2018 serikali ya Uganda iliweka kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa watumiaji wa mitandao ya kijamii, na mwaka 2021 ikaiondoa na kuweka badala yake asilimia 12 juu ya bando. Tawi linalotuma video kubwa kila siku linamtoza mwanachama mchango wa pili bila kumuuliza.

Kwa hiyo kifaa cha kwanza kununua ni kipaza sauti kidogo cha kubana shatini. Kibanwe kifuani, kama shibiri moja chini ya kidevu. Umbali ni jambo kubwa. Ukizidisha mara mbili umbali kati ya mdomo na kipaza sauti, nguvu ya sauti inayofika hubaki robo tu, lakini ngurumo za mashine na kelele za barabarani hazipungui kwa kiasi hicho, kwa kuwa zinatoka mbali na kila upande. Kipaza sauti cha bei ndogo kilicho karibu na mdomo hushinda cha bei kubwa kilicho upande wa pili wa meza.

Wengi wananunua kipaza sauti kisichoingiliana na simu yao. Kama ni cha waya chenye pini nyembamba, hesabu pete nyeusi zilizo kwenye pini hiyo. Chenye pete 3 kimetengenezwa kwa ajili ya simu, chenye pete 2 ni cha kamera. Simu nyingi mpya hazina kabisa tundu la pini hiyo, zina tundu la chaja tu, nazo zinahitaji kipaza sauti cha tundu hilo. Dawa yake ni rahisi: nenda dukani na simu yenyewe, nasa sauti pale pale, isikilize, ndipo utoe fedha.

Baada ya kipaza sauti zinafuata hedifoni za kufunika masikio. Si lazima ziwe za bei kubwa. Kazi yake ni kumwezesha kijana kugundua kosa wakati msemaji bado amekaa kitini. Mama aliyetoka shamba la mbali kuja kueleza jambo lake hawezi kuitwa tena kesho kwa sababu waya ulilegea.

Chumba chenyewe nacho ni kifaa, na hakiuzwi. Ofisi nyingi za matawi ni kuta tupu za saruji na bati juu, na sauti hugonga kuta ikarudi kama tuko ndani ya pipa. Tundika blanketi nzito nyuma ya simu na pembeni, au simamisha godoro ukutani. Nguo zilizoning'inizwa pia husaidia. Ama mvua ikinyesha juu ya bati, hakuna kifaa cha kuitibu. Subirini iishe.

PILI NI MWILI WA ANAYEFANYA KAZI

Baadhi ya ndugu zetu watasema kwamba kukaa mezani si kazi. Tuwajibu kwa mfano wa jirani. Tarehe 1 Mei 2023, mjini Nairobi, zaidi ya wafanyakazi 150 ambao kazi yao ni kukagua picha na maneno ya mitandaoni walikutana wakapiga kura ya kuunda chama chao cha wafanyakazi. Watu wa mezani wamejitambua kuwa ni wafanyakazi. Sisi tutakuwa wa mwisho kuwatambua?

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 5 hivi. Kijana aliyetoka zamu ya kufungasha majani, kisha akainamia simu iliyolala mezani kwa saa mbili akikata na kuunga sauti, anabebesha shingo na mabega mzigo huo muda wote. Wachumaji wanajua mgongo ulioinama unavyouma usiku. Basi simu isimamishwe kwenye stendi, ifike usawa wa macho. Kama ni kompyuta ndogo, iinuliwe kwa sanduku au matofali hadi ukingo wa juu wa kioo uwe usawa wa macho, na kinunuliwe kibodi cha pembeni. Ukiinua kompyuta bila kibodi hicho, umeiponya shingo na kuumiza mikono. Kioo kiwe umbali wa mkono ulionyooshwa.

Kiti cha magurudumu hakihitajiki. Kiti imara cha mbao chenye mgongo, na mto wa kukalia, kinatosha, mradi urefu wake ulingane na meza. Kipimo ni hiki: viwiko vikunjwe kama pembe ya mraba mikono ikiwa mezani, na nyayo zikanyage sakafu. Miguu ikining'inia, weka ubao au kreti chini yake. Seremala wa shamba anaweza kurekebisha yote hayo kwa nusu siku. Kila baada ya dakika 20 kijana aache kioo, atazame kitu kilicho mbali mita 6 au zaidi kwa muda wa sekunde 20, ili macho yapumzike.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri alinde afya ya wafanyakazi wake, na mwezi Juni 2022 Shirika la Kazi Duniani liliingiza usalama na afya mahali pa kazi katika haki za msingi za kazi. Sisi tunazisoma sheria hizi mbele ya menejimenti. Hatuwezi kumdai mwajiri viti vya wapanga majani huku kijana wa chama amekaa juu ya ndoo.

TATU NI MWANGA NA UMEME

Mwanga ulio bora ni wa dirisha, nao ni bure. Msemaji alielekee dirisha. Akilipa mgongo, uso wake utakuwa kivuli kitupu. Usiku taa mbili za kawaida za LED, moja kila upande, zikielekezwa kwenye ukuta mweupe, hutoa mwanga laini usiochoma macho. Taa ya duara ni nzuri, lakini inunuliwe mwisho, fedha zikibaki, na ya mwanga mweupe inatosha. Zile za rangi nyingi ni za maduka ya nguo.

Umeme unakatika, na mkutano haungoji. Nunueni betri ya akiba, ile inayoitwa pawabenki. Msidanganywe na namba iliyoandikwa juu yake. Yenye 10,000 haijazi simu ya 5,000 mara mbili. Sehemu ya nguvu hupotea njiani, na huijaza mara moja na kidogo zaidi. Chaja nyepesi mno inayopata moto haraka ikataeni. Kebo ya ekstensheni ya meza isichomekwe birika wala pasi, isitumike ikiwa imeviringwa, na isipite katikati ya sakafu ambapo watu wanapita.

Kadi za kuhifadhia sauti nazo zina udanganyifu. Ziko zinazoandikwa uwezo mkubwa kumbe ni ndogo, na zikijaa huharibu kilichotangulia. Kadi mpya ijazwe kwanza na sauti za majaribio, zisikilizwe zote, ndipo itumike kwenye mkutano.

NNE NI KUFULI

Kifaa hiki hakimo katika orodha ya kijana yeyote, nacho ndicho kinachoweza kuokoa mkate wa mtu. Mpulizia dawa anakuja kueleza kwamba amefanya kazi miezi bila glavu wala barakoa. Akijulikana, anaweza kufukuzwa kesho yake. Basi meza iwe na droo yenye kufuli. Kadi na simu ya tawi zilale humo, simu iwe na namba ya siri, na daftari la majina ya waliohojiwa litengwe na kadi, likae kwa katibu.

Kabla ya kunasa, msemaji aulizwe: jina litajwe au lisitajwe, uso uonekane au usionekane? Sheria ya Uganda ya kulinda taarifa za watu, ya mwaka 2019, inataka mtu akubali kabla taarifa zake hazijachukuliwa na kutumiwa. Tukumbuke pia kwamba sauti hujulikana. Msimamizi anayesikia sauti ya mtu kila asubuhi ataitambua hata bila jina. Kama hatari ni kubwa, maneno yake yaandikwe na kusomwa na mtu mwingine.

Tena mtazame ukuta ulio nyuma ya meza. Kama kuna karatasi ya majina ya wanachama au namba za simu, iondolewe. Picha moja imetosha kumpa mwajiri orodha nzima.

KUGAWA FEDHA

Fedha iliyopo, iwe nyingi au kidogo, igawanywe mafungu 10. Mafungu 4 yaende kwenye kipaza sauti, hedifoni na kadi. Mafungu 2 yawe ya stendi na kazi ya seremala. Mafungu 2 yawe ya betri ya akiba, chaja na kebo. Fungu 1 ni la droo na kufuli. Fungu 1 ni la taa. Tawi ambalo tayari lina kiti kizuri au taa lihamishe fungu hilo kwenye sauti.

Dukani waende watu wawili, kijana atakayevitumia na mjumbe mmoja wa kamati, nao warudi na risiti. Vifaa viandikwe katika daftari la mali za tawi siku ile ile, ili kijana akihamia shamba lingine atakayepokea kazi avikute. Mkutano mkuu ukiuliza fedha ilikwenda wapi, katibu afungue daftari, kisha wanachama wasikilizishwe kipindi.

Ndugu viongozi wa matawi, liingizeni jambo hili katika ajenda ya kikao kijacho. Mwiteni kijana wenu, mpeni nafasi aeleze orodha yake, na kila kifaa kiulizwe lile swali letu moja. Msimkatalie kwa sababu tu ni mambo ya vijana, na msimkubalie kwa sababu tu kinang'aa. Yule mama wa shamba la mbali anataka kusikia chama chake kimesema nini juu ya mshahara wake, na akija kusema lake, anataka arudi nyumbani salama.

Umoja ni nguvu!